Kipaumbele cha 112 hakijengi mnara

Ujumbe ule kuhusu 112, namba ya simu ya dharura, umerudi tena kwenye kundi letu la familia: "Piga 112, ina kipaumbele, inapita hata pasipo mtandao." Mjomba aliyeutuma alikuwa na nia njema, na kuhusu kipaumbele amesema kweli. Ni hilo la "pasipo mtandao" litakalomponza mtu siku moja akiwa porini.

Kipaumbele katika mitambo ya simu ni utaratibu wa nani ahudumiwe kwanza nafasi zinapokuwa chache kuliko wanaozitaka. Basi. Lifungue neno lenyewe: kuna "pa", yaani kutoa, na kuna "umbele", hali ya kuwa mbele. Mtu hawezi kuwa mbele peke yake, huwa mbele ya wenzake waliopanga foleni. Na foleni hupangwa dirishani. Dirisha likiwa halipo, huo umbele ataupewa wapi?

Kwenye simu, dirisha ni mnara. Katika GSM, yaani mtandao wa kizazi cha pili (2G), masafa mamoja hugawanywa vipande 8 vya muda, na simu ya kawaida hukalia kipande kimoja. Usiku wa mwaka mpya vipande vinajaa, kila mtu anapiga. Ukibonyeza 112 wakati huo, simu yako huomba nafasi ikijitambulisha tangu mwanzo kuwa ni ya dharura, nao mtandao unaweza kuitanguliza. Sauti yako haisafiri kwa kasi zaidi ya sauti za wengine. Tena kutangulizwa si kukatiza. Anayetangulizwa hupewa kipande cha kwanza kitakachoachwa, mwenye haki ya kukatiza humwondoa anayezungumza. LTE, yaani mtandao wa 4G, huzitenganisha haki hizi waziwazi: kuna ngazi 1 hadi 15, kisha yanaulizwa mambo mawili mengine, kama huyu anaruhusiwa kumwondoa mwenzake, na kama yeye mwenyewe anaweza kuondolewa.

Kisa kinachonionyesha maana ya neno hili kuliko vyote ni cha London. Tarehe 10 Novemba 1935 nyumba iliungua mtaa wa Wimpole Street na wanawake watano wakafa. Jirani aliyeuona moto alipiga simu kuita zimamoto, akabaki anangoja kwenye foleni ya opereta, pamoja na watu waliotaka kuunganishwa kwa mazungumzo yao ya kawaida. Waya ulikuwepo, simu ilikuwa inaita, ila hapakuwa na namna ya opereta kujua kwamba huyu anaita kwa sababu ya moto. Namba ya dharura 999 ilipoanza huko tarehe 30 Juni 1937, ikipigwa taa nyekundu iliwaka na king'ora kikalia pale alipokaa opereta. Huo ndio umbele, na walioupata walikuwa na waya tayari.

Sasa tazama kioo cha simu yako. Kikiandika "Simu za dharura pekee", mnara upo, ila si wa kampuni yako. Hapo 112 inaweza kupita kwa sababu mnara wa jirani unaruhusiwa kuibeba. Kikiandika "Hakuna huduma", simu haioni mnara wa mtu yeyote, na 112 haina pa kupitia. Watu wengi huyachukulia maandishi haya mawili kuwa kitu kimoja, na nadhani hapo ndipo ule ujumbe ulipozaliwa. Kuhusu simu isiyo na laini kabisa, sheria hutofautiana: huko Ujerumani, kwa mfano, simu ya namna hiyo haiwezi kupiga 112 tangu 2009.

Mjomba, shikamoo. Naomba uongeze maneno matatu tu kwenye ujumbe wako: "hata pasipo mtandao *wa laini yako*." Na anayeona "Hakuna huduma" mwambie asikae chini akirudia kupiga mpaka chaji iishe. Apande kilima au asogee kuelekea barabarani, huku akiangalia kioo, mpaka yale maandishi yabadilike.