Kabla ukate huo mti, tuhesabu kwanza

Wiki jana landilodi mmoja wa Kileleshwa aliniita, anataka jakaranda iliyo kwa geti ing'olewe apate paking ya magari mawili. Bei ya kukata alikuwa ashaulizia. Nikazungusha tepu kwa shina, mita 1.3 kutoka chini, hapo ndo sisi watu wa miti hupimia, ikasoma sentimita 210.

"Fundi, si nitapanda miche kumi mingine?"

Nikamwambia, mzee, majani ya hiyo miche kumi yataingia kwa karai moja, huu unafunika nusu ya ploti. Na kazi yote iko kwa majani, manake mvua ikinyesha kwa nguvu majani ndo yanaidaka kwanza, ingine inakaukia huko huko juu, ingine inateremka polepole na shina mpaka kwa udongo uliofunguliwa na mizizi, inazama. Toa mti weka kabro, yale matofali ya kutandika chini, hayo maji yote yanakimbia kwa mtaro saa hiyo hiyo, na tuliona 2024 vile mitaro na mito ya hapa Nairobi ilifurika, watu wa Mathare wakapoteza nyumba na wapendwa wao. Hii kitu huniuma sana.

Sasa pesa. New York walipiga hesabu ya miti ya barabarani, ripoti ikatoka 2007, ikaonyesha kila dola 1 ya kuitunza inarudisha faida ya dola 5.60, na fungu kubwa kabisa lilikuwa thamani ya nyumba zilizo karibu na miti. Stima pia walihesabu, lakini hiyo siwezi nikaileta huku vile ilivyo, nyumba zetu nyingi hazina AC wala hita. Kwetu mimi naweka maji mbele, halafu kivuli, coz mti mkubwa hupoza hewa kwa kutoa mvuke kwa majani, ndo maana ukitoka juani ukaingia msitu wa Karura unasikia baridi kwa ngozi.

Kwa geti shida ilikuwa kabro, ilibanwa mpaka kwa shina, mizizi ikakosa pumzi ikaanza kuinua matofali. Tukatoa kabro mita moja na nusu kuzunguka, tukamwaga majani makavu na chipsi za mbao. Gari moja linaingia vizuri, la pili linalala nje ya ukuta, kwa kivuli cha jakaranda.