Kimondo cha Mbozi ni kikubwa, lakini si kikubwa kuliko vyote

Ukipanda gari Mbeya kuelekea Tunduma, hutakosa abiria wa kukuambia kuwa pale Ndolezi, Mbozi, kuna kimondo "kikubwa kuliko vyote duniani". Si kweli. Kinachoshika nafasi hiyo ni Hoba, kilichoko Namibia karibu na Grootfontein, chenye uzito wa takriban tani 60. Kile chetu kinakadiriwa kuwa na tani 16, ingawa maandishi ya zamani yalikipa 25.

Wengi wanachanganya urefu na uzito. Kimondo cha Mbozi kina urefu wa mita 3 hivi. Hoba ina mita 2.7 tu, ila ni pana pande zote, na ndiyo maana inakiacha mbali.

Jambo jingine: watu hukiita jiwe. Ni chuma, karibu asilimia 90, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Jiwe la kawaida la ukubwa uleule lingekuwa na kama theluthi moja tu ya uzito huo. Kiguse uone kilivyo: cheusi, kimejaa vishimo, na bado kimekaa palepale kilipokutwa, udongo wa pembeni ukiwa umechimbwa ili kionekane chote.

Kuwamo katika orodha ya vimondo vizito kabisa vinavyojulikana duniani ni heshima tosha kwa Nyanda za Juu Kusini. Waongozaji wetu wakiwaeleza wageni hivyo, hakuna atakayewakosoa.