Basi Lililogeuzwa Nyumba Likichemsha: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Basi lililogeuzwa nyumba likichemsha, washauri hujitokeza kabla mvuke haujaisha. Wengi ni mafundi wazuri wa magari madogo, na tatizo linaanzia hapo. Gari dogo lina injini mbele. Likishika kasi, upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta. Mabasi mengi makubwa ya abiria yana injini nyuma, na rejeta imekaa ubavuni au nyuma kabisa. Hata likienda kilomita 100 kwa saa, upepo wa safari unapita zake pembeni. Hewa inayopoza injini ile karibu yote inavutwa na feni.

"Likichemsha kwenye foleni ni feni, likichemsha barabara kuu ni rejeta."

Kwa gari dogo kanuni hii inasaidia. Kwa basi la injini nyuma inapoteza watu, kwa sababu feni inahitajika kote kote, na inahitajika zaidi pale kwenye mlima mrefu ambapo kanuni inasema isishukiwe. Mimi niliiamini. Nilinunua rejeta mpya, nikapanda mlima ule ule, na mshale wa geji ukapanda vile vile. Rejeta ya zamani haikuwa na kosa lolote.

"Feni inazunguka, kwa hiyo feni ni nzima."

Hii ndiyo dhana iliyokula pesa zangu, na nina hakika imekula za wengine. Swali la maana ni feni inazunguka kwa kasi gani, tena wakati gani.

Katika mabasi mengi feni haifungwi kwenye injini moja kwa moja. Injini inaendesha pampu ya haidroliki, pampu inasukuma oili hadi kwenye mota ya feni, na vali inayohisi joto la maji inaamua oili ipite kiasi gani. Mota ikichakaa, oili inavuja ndani kwa ndani na kurudi kwenye tangi bila kufanya kazi. Huoni tone chini. Asubuhi oili ikiwa nzito, feni inavuma vizuri na fundi anaondoka ameridhika. Baada ya saa moja ya safari oili imepata moto, imekuwa nyepesi, inapenya kwa urahisi, na feni inazunguka kivivu huku injini ikitokota. Kwa hiyo ukiipima, ipime ikiwa na joto la safari. Bandika kipande cha utepe unaong'aa kwenye pangaboi moja, lenga kipimamizunguko cha mwanga, kisha linganisha na namba iliyo kwenye kitabu cha basi. Hewa inapungua sawasawa na kasi: nusu ya mizunguko, nusu ya hewa. Nguvu inayotumika inashuka zaidi ya hapo: kasi ikiwa nusu, nguvu ni moja ya nane tu. Ndiyo maana feni dhaifu inaonekana kama inazunguka tu bila shida. Haifanyi kazi yoyote ya kuitolea jasho.

Kabla ya kufungua chochote, tazama kiwango cha oili ya haidroliki na chujio lake. Mifumo mingi inayodhibitiwa kwa umeme imetengenezwa hivi kwamba ukichomoa plagi ya vali, feni inakwenda kasi ya mwisho. Kama kitabu cha basi lako kinasema hivyo, chomoa usikilize. Feni ikivuma kama dhoruba, mota na pampu zina nguvu. Mshukiwa ni sensa, waya au vali. Isipobadilika, rudi kwenye pampu na mota.

Kuna pia suala la upande. Mipira miwili ya oili ya mota ikibadilishana nafasi wakati wa matengenezo, feni inaweza kuzunguka kinyume. Shika karatasi mbele ya rejeta upande ambao hewa inapaswa kuingia: inapaswa kunasa na kubaki pale. Ikianguka au ikisukumwa kukujia, umepata jibu kwa karatasi moja. (Mikono na nguo mbali na feni. Ile ya haidroliki inaweza kushika kasi ghafla bila kuaga.)

"Toa thamostati, itapoa."

Haya ni mazoea, si matibabu. Thamostati ni vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto. Thamostati nyingi za injini kubwa za dizeli hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90 hivi, na katika injini nyingi zikifunguka zinafanya kazi ya pili: zinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukizitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto haiendi kupozwa kabisa. Basi linaweza kuchemsha zaidi ya mwanzo. Na kumbuka baadhi ya injini zina thamostati mbili au zaidi. Moja ikikwama, nyingine inaficha ugonjwa mpaka ufike mlimani.

"Geji haidanganyi."

Inadanganya sana, hasa kwenye basi ambalo nyaya zimekatwa na kuungwa upya wakati wa kuweka vitanda na jiko. Washa taa kubwa: mshale ukiruka, tafuta waya wa ethi. Kisha tumia kipimajoto cha kulenga kwenye nyumba ya thamostati, lakini usilenge chuma kinachong'aa, kwani kitasoma chini ya joto halisi. Bandika kipande cha utepe mweusi, lenga hapo.

Ukiwa na kipimajoto hicho mkononi, pima mpira wa maji unaoingia kwenye rejeta na ule unaotoka. Kama joto la mipira hiyo miwili linakaribia kuwa sawa huku injini ikichemsha, maji yanapita ila hayapoi: tafuta hewa, yaani feni au uchafu. Kama unaotoka ni baridi sana kuliko unaoingia, maji ndiyo hayatembei: pampu, thamostati, au rejeta iliyoziba ndani.

"Rejeta ni safi, nimeitazama."

Umetazama upande gani? Penye kipoza hewa cha turbo mbele ya rejeta, uchafu unajificha katikati ya hivyo viwili, ukiwa umegandishwa na oili. Mulika taa upande mmoja, uchungulie upande wa pili. Osha kwa kusukuma maji kinyume na njia ya hewa, na mashine ya presha iwe mbali, maana mapezi laini yanalala na ukishayalaza umeziba mwenyewe ulichokuja kuzibua.

"Vile vibati na mipira kuzunguka rejeta ni mapambo."

Huu ni ugonjwa wa sisi tunaogeuza mabasi. Tunang'oa vizuizi ili kupata nafasi ya tangi la maji, na tangu hapo hewa ya moto kutoka chumba cha injini inazunguka na kuvutwa tena na feni ile ile. Feni inafanya kazi kwa bidii, ikipoza rejeta kwa hewa ya moto. Jenereta nayo ukiiweka karibu na mlango wa hewa, inakuongezea moto wake juu. Rudisha kila kipande pale kilipotoka.

"Mlimani tumia gia kubwa, injini isihangaike."

Ni kinyume. Pampu ya maji na pampu ya feni huzungushwa na injini. Ukiiacha ikokote kwa mizunguko michache, unapunguza maji na hewa wakati moto uko juu. Shuka gia mapema, punguza mafuta, uache injini izunguke ndani ya kiwango chake.

"Weka feni za umeme, umalize."

Zinawezekana zikiwa kadhaa, zenye nguvu, zimehesabiwa pamoja na altaneta ya kuzilisha. Feni mbili zilizotolewa kwenye gari dogo hazitoshi.

"Likichemsha, zima hapo hapo umwagie maji baridi."

Kama maji yamemwagika au presha ya oili imeshuka, ndiyo, zima. Kama maji yapo, simama, weka nyutro na uipige resi kiasi: dizeli isiyo na mzigo huchoma mafuta kidogo, huku pampu na feni zikiendelea. Ukizima ghafla, maji yanasimama yakizunguka chuma chenye moto. Maji baridi ndani ya injini iliyochemka yanaweza kupasua silinda hedi. Na mfuniko wa rejeta uache. Presha ndiyo inayozuia maji yasichemke. Ukiufungua, yanalipuka usoni mwako. Subiri hadi uweze kuubinya mpira wa juu kwa mkono ukakuta umelegea, ndipo ufungue polepole ukiwa na kitambaa kizito. Injini ikishapoa, jaza maji, iwashe na uchungulie tangi: mapovu yasiyokoma yanaashiria gasketi ya hedi, na hiyo haiponi kwa feni wala rejeta mpya.