Je, wajua kwa nini akaunti uliyoisahau inaweza kukudai?

Akaunti uliifungua zamani, kwa ajili ya mshahara wa kazi ambayo ulishaiacha. Ulitoa pesa karibu zote, ukabakiza kidogo, kadi ikapotelea kwenye droo. Miaka inapita, kisha siku moja unapata ujumbe kwamba salio lako ni hasi na unatakiwa kulipa. Swali linalomjia kila mtu ni lilelile: nitadaiwaje na benki ambayo sijachukua kwake hata senti moja?

Tatizo linaanzia kichwani mwetu. Wengi tunaichukulia akaunti kama kibubu: ukitia mia, mia imekaa humo, na kibubu kikiwa kitupu hakina cha kumdai mtu. Sheria haikioni kibubu hicho. Mwaka 1848, katika kesi ya Foley na Hill, Bunge la Mabwana la Uingereza, ambalo enzi hizo ndilo lilikuwa ngazi ya mwisho ya rufaa, liliamua kwamba pesa ukishaziweka benki zinakuwa mali ya benki. Kinachobaki mkononi mwako ni haki ya kulipwa kiasi hicho ukikidai. Yaani ukiweka pesa, umeikopesha benki. Akaunti ni ukurasa wa daftari unaoonyesha nani anamdai nani, na daftari halina ukuta kwenye sifuri. Salio likishuka chini ya hapo, mdai na mdaiwa wanabadilishana viti.

Kushuka huko ndiko kunakoitwa ovadrafti, na haikuanza kama mtego. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilitolewa mwaka 1728, pale Royal Bank of Scotland ilipomruhusu William Hogg, mfanyabiashara wa Edinburgh, kuchukua pauni 1,000 zaidi ya alizokuwa nazo. Alikuwa na watu wa kuwalipa kabla wateja wake hawajamlipa yeye. Hogg aliomba mwenyewe, alijua anakopa, na alijua mwisho ni wapi. Mwenye akaunti iliyosahaulika hana hata moja kati ya hayo matatu.

Sasa, kama si wewe unayetoa pesa, ni nani? Mara nyingi ni benki yenyewe. Tuseme ulibakiza 100, sarafu yoyote ile, na ada ya kuendesha akaunti ni 15 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza unabaki na 85, wa pili 70, na hivyohivyo hadi mwezi wa sita, salio 10. Mwezi wa saba benki inakata 15 palipo na 10, akaunti inaingia hasi 5. Kwa kuwa imeingia hasi, mfumo unaongeza ada ya ovadrafti, tuseme 30. Hasi 35. Mwezi wa nane inakuja tena 15, halafu tena 30: hasi 80. Mwezi wa tisa, hasi 125. Ichambue hiyo 125 uone: 90 ni adhabu ya kuwa hasi, 35 ni ada ya mwezi, na ulichotumia wewe ni sifuri. Si kila benki hufanya hivi. Zipo zinazoacha kukata salio likiisha, na zipo zinazotoza riba tu. Jibu la benki yako liko kwenye ile karatasi ya masharti uliyoitia saini bila kuisoma, kama sisi wote.

Huenda unasema, lakini akaunti yangu haikuwa na ada ya mwezi! Inawezekana kabisa, na hapo ndipo wengi hunaswa. Akaunti nyingi za mshahara hazitozwi ada kwa sharti kwamba mshahara unapita humo, au kwamba salio halishuki chini ya kiwango fulani. Ulipoacha kazi, sharti lilivunjika. Hakuna aliyekupigia simu. Mfumo uliihamishia akaunti kwenye kundi la zinazolipiwa, ukaanza kukata.

Chanzo cha pili ni ruhusa ulizotoa mwenyewe ukasahau: bima inayojilipia kila mwaka, usajili wa huduma fulani ya mtandaoni, mchango uliouanza kwa moyo mmoja. Usitegemee kwamba kadi ikiisha muda wake malipo nayo yanakufa. Kampuni za kadi zina utaratibu wa kuwapa wafanyabiashara namba mpya ya kadi ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Na malipo yanayokatwa moja kwa moja kwenye akaunti hayahitaji kadi kabisa. Benki ikikubali kulipa, unaingia hasi. Ikikataa, huenda ikakutoza ada ya malipo yaliyogonga mwamba.

Mamlaka za nchi kadhaa zimeingilia kati, ila kila moja kwa namna yake. Marekani, tangu mwaka 2010, benki hairuhusiwi kukutoza ada ya ovadrafti kwa pesa ulizotoa kwenye mashine au kwa manunuzi ya kawaida ya kadi mpaka uwe umekubali kwanza. Nzuri, lakini kinga hiyo haigusi hundi wala malipo ya kujirudia, na malipo ya kujirudia ndiyo hasa yanayoiua akaunti iliyosahauliwa. Mwaka huohuo jaji mmoja wa California aliiamuru benki ya Wells Fargo irudishe takriban dola milioni 203, kwa sababu ilikuwa ikikata malipo makubwa kwanza na madogo baadaye. Ukifanya hivyo salio linaisha mapema, na kila kidogo kinachofuata kinazaa ada yake. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: tangu Aprili 2020 benki zimekatazwa kutoza ada za kiasi maalumu kwa ovadrafti, zinatoza riba ya mwaka tu. Hapo hasi 5 ya mfano wetu isingezaa ile 30.

Kuna jambo moja linalochanganya watu: je, akaunti isiyotumika si huwa inalazwa? Hulazwa, baada ya muda ambao benki au sheria imeweka bila mteja kuigusa. Lakini makato ya benki hayahesabiwi kuwa mteja ameigusa, na katika benki nyingine makato hayo yanaendelea hata akaunti ikiwa imelala. Ikibaki na pesa, nchi nyingi zina sheria ya kuzihifadhi au kuzipeleka kwingine. Uingereza husubiri miaka 15. Ikiwa hasi, inakwenda njia nyingine: benki inaliandika deni kuwa hasara kwenye vitabu vyake, lakini bado unadaiwa, na inaweza kuliuza kwa wakusanya madeni.

Kwa hiyo ujumbe ukifika, usikimbilie kulipa na usiupuuze. Kwanza hakikisha unatoka benki kweli, kwa kupiga namba uliyo nayo wewe, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe. Kisha omba taarifa ya akaunti kuanzia siku ya mwisho uliyoitumia. Chukua kalamu ugawanye makato kama tulivyofanya kwa ile 125: yako, ya mwezi, na yaliyozaliwa na makato mengine. Fungu hilo la tatu ndilo la kupambana nalo. Wahudumu wengi wana mamlaka ya kulifuta, hasa kama ni mara yako ya kwanza, na wanajua kwamba kumfuatilia mtu kwa ajili ya ada za akaunti tupu ni kazi isiyolipa. Sema wazi: sikutumia pesa, taarifa zilikwenda kwenye anwani ya zamani, naomba ada za ovadrafti ziondolewe na akaunti ifungwe. Andika, usiishie kusema dirishani. Ukikataliwa, omba hatua ya juu ya malalamiko. Karibu kila benki inayo.

Kosa ninaloliona likirudiwa ni mtu kulipa deni hadi sifuri, akashusha pumzi, akaondoka. Akaunti bado iko wazi, na mwezi ujao inakatwa 15. Kulipa na kufunga ni mambo mawili. Kabla ya kufunga, sitisha kila ruhusa ya malipo kwa kuandikia kampuni husika na benki pia, kwa sababu akaunti iliyofungwa huweza kufufuka: malipo ya zamani yanagonga, benki inaifungua upya iyapokee, na ada zinaanza tena. Mambo hayo yalitokea vya kutosha hata shirika la kulinda wateja wa huduma za fedha Marekani likatoa onyo mwaka 2023. Omba barua inayosema akaunti imefungwa, tarehe ipi, salio sifuri. Kisha baada ya miezi miwili piga simu uulize kama ile namba bado inapumua.