Ati ukimtaja marehemu utamkumbusha mwenye amefiwa? Kwani alikuwa amesahau?

Wiki iliyopita nimeisikia mara tatu, na hiyo ya tatu sikuwa hata kazini, nilikuwa kwa matatu ya Kondele nikienda zangu nyumbani. Dada mmoja anamwambia mwenzake, "Tukifika kwa yule mama usitaje kijana wake, utamkumbusha." Nikanyamaza hadi stej lakini wacha niseme hapa. Mimi ni kaunsela hapa Kisumu, ni miaka mingi nakaa na watu waliofiwa, na hakuna maneno yananikera kama hayo.

Utamkumbusha nini? Mtu amezika mtoto, anaamka saa tisa usiku akisikia kama geti imefunguliwa, bado anapika ugali ya watu watano na wamebaki wanne, simu ya marehemu iko kwa droo na anaichajinga kila Jumapili. Huyo hajasahau hata dakika moja. Mwenye anataka kusahau ni wewe, ndio ukunywe chai yako bila wasiwasi.

Kuna mama alikuja kwangu, nimebadilisha vitu kidogo ndio asijulikane, anauza omena sokoni na kijana wake wa kwanza alikufa kwa ajali ya boda. Wakati wa matanga watu walikuwa wengi hadi tenti ikakuwa ndogo, grupu ya WhatsApp ya mchango ilijaa, tisheti zikaprintiwa na sura ya kijana, kila mtu ana stori yake. Wakazika Jumamosi. Jumatatu mweka hazina akapost hesabu, watu wakaanza kutoka kwa grupu, fulani ametoka, fulani ametoka, na hiyo ikakuwa mwisho. Kule chama akikaribia anaona wenzake wamebadilisha stori, na rafiki yake mwenye ana kijana wa rika ile ile akaacha kabisa kuongea juu ya mtoto wake. Sasa yeye akaanza kufikiria wanamchukia ama wanaogopa hiyo bahati mbaya itawashika. Akaniambia, "Hakuna mtu ametaja jina lake tangu tuzike. Mimi ndio natajanga, nikiosha vyombo." Hiyo siku hakulilia ajali, alililia hiyo kimya. Na mjue hao wanawake wa chama wanampenda sana, kila mmoja alidhani anamhurumia.

"Lakini nikimtaja analia." Wacha alie! Hayo machozi hukuja nayo wewe, alikuwa nayo. Keti hapo, usimpatie tishu haraka haraka kama mtu anafuta chai imemwagika.

Kitu kinanishangaza ni kwamba hii tabia si yetu hata. Wajaluo wanampa mtoto jina la marehemu, Waluhya pia, ndio hilo jina liitwe kwa boma kila siku, lichapwe, litumwe maji. Nyanya yangu alikuwa anamwita mjukuu "baba" kwa sababu alibeba jina la babake na hakuna mtu alikuwa anakimbia jikoni ati nyanya amekumbushwa. Sasa sisi wa tauni tunaficha hata picha ukutani.

Hata kwa masomo hii iliachwa kitambo. Zamani walifundisha kwamba mtu aliyefiwa lazima amwachilie marehemu kabisa ndio apone, lakini tangu miaka ya 1990 watafiti kama Dennis Klass, ambaye alikaa sana na wazazi waliofiwa na watoto, wameonyesha kwamba watu wengi hawakati huo uhusiano, wanaendelea nao kwa njia ingine, wanaongea naye, wanaweka kitu chake, wanafanya kitu kwa jina lake. Si wazimu na si mapepo, tafadhali usiite pasta.

Mimi ninashauringa hivi: leta kitu kidogo na cha kweli. "Nilipita pale gereji nikamkumbuka vile alikuwa anacheka." Halafu nyamaza. Akitaka kuongea ataongea, na akigeuza stori akuulize Gor Mahia walicheza aje, ongea Gor Mahia. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walieleza hii mwaka wa 1999, kwamba mtu aliyefiwa anaenda akirudi, saa hii yuko ndani ya uchungu, saa ingine anapumzika na maisha ya kawaida, na zote mbili anazihitaji. Kwa hivyo ukimpata anacheka usiseme amesahau, na pia usimlazimishe. Mlango umemfungulia, aingie akitaka.

Hayo maneno mengine watu husema juu ya msiba nitapitia haraka. Zile hatua tano za majonzi (kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni, kukubali), watu wananiuliza "niko stej gani" kama mtu anangoja matatu. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizitoa mwaka wa 1969 baada ya kuongea na wagonjwa kule Chicago waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe, hazikutoka kwa watu waliofiwa. Unaweza kukasirika Jumanne, ukubali Jumatano, Alhamisi urudi kukataa, hujafeli mtihani wowote.

Ati asiyelia hakumpenda. Hii inaumiza sana wajane, mama amekaa kando ya jeneza macho makavu na shemeji wanaanza kunong'onezana ati anajua kitu. Wengine wanaganda tu, machozi yanakuja miezi mitatu baadaye akiwa kwa foleni ya mpesa.

Mtoto naye msimwambie baba amesafiri, atangoja kila gari ikipita. Na "amelala" ni mbaya zaidi, nimeona watoto wakiogopa kitanda. Sema amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii baridi, hatarudi. Atauliza tena kesho, mjibu tena vile vile.

"Ukihitaji kitu niambie." Hawezi kukwambia, hata kujua anahitaji nini ni kazi. Enda wiki ya tatu, wakati sufuria za kukodi zimerudishwa na wageni wamepanda magari, beba unga na gesi, na usiulize kama nguo zinahitaji kufuliwa, fua.

Ya mwisho, na hii inaninyima pesa lakini ni ukweli: si kila mtu aliyefiwa anahitaji kaunsela, na si ati kila mjane apewe vidonge vya usingizi ndio atulie. Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2013 lilisema hizo dawa za kutuliza, kama diazepam, zisipewe mtu kwa sababu tu amefiwa, na pia tiba rasmi ya kuongea isipelekwe kwa kila mtu kama hana shida ya akili. Wengi wanahitaji tu watu wao wasitoweke. Lakini kama zaidi ya miezi sita imepita na uchungu bado ni ule ule kila siku, hawezi kufanya kazi, hawezi kulea watoto, mlete. Na akisema anataka kumfuata marehemu, hiyo usingoje miezi wala usimwambie ajikaze, muulize wazi wazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, mpeleke hosi siku hiyo hiyo. Kama usiku hujui uanzie wapi, piga 1199 ya Red Cross, ni bure.