Mzigo wa mbwa: ninavyoupanga kabla ya safari ya kambi

Mwaka wangu wa pili nikiwa daktari wa wanyama, nilisimamisha gari kando ya barabara kuu ili mbwa wangu anywe maji. Tulikuwa njiani kwenda kupiga kambi. Kamba yake ilikuwa chini ya hema, na hema lilikuwa chini ya sanduku la vyombo. Nikafungua mlango nikidhani nitamshika ukosi kwa mkono mmoja huku nikiipekua kwa mkono mwingine. Alinichomoka, akavuka barabara mara mbili malori yakipita, na ni bahati tu iliyomrudisha kwangu mzima. Usiku ule nilishusha kila kitu nikakipanga upya. Mpangilio huo ndio ninaoutumia hadi leo, na ndio ninaowaeleza wenye mbwa wanaokuja kuniuliza wabebe nini.

Kabla ya kuwapa orodha, huwauliza: kitu hicho ukikihitaji, utakuwa na muda gani wa kukifikia? Kwa kamba ni sekunde. Kwa maji ni dakika chache. Chakula kinaweza kusubiri mpaka jioni. Gari hupakiwa kwa kufuata hesabu hiyo: kinachohitajika haraka huingia mwisho, na hukaa mahali mkono unapofika bila kushusha kitu kingine.

Kwa hiyo kamba haiingii kwenye begi kabisa. Inaning'inia pembeni mwa mlango anaotokea mbwa, na mlango haufunguliwi kabla kamba haijafungwa. Mbwa mwenyewe husafiri kwenye kizimba kigumu kilichofungwa kwenye sakafu ya gari, au kwenye kiti cha nyuma akiwa na mkanda wa kifuani uliounganishwa na mkanda wa kiti. Usiufunge mkanda wa kiti kwenye ukosi wa shingo, maana breki moja ya ghafla inaweza kumvunja shingo. Kiti cha mbele nacho si mahali pake, maana kina mfuko wa hewa uliotengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Mbwa aliyeachwa huru kwenye gari linalogonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa hurushwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mara nyingi, na aliyeketi mbele yake ndiye anayempokea. Mizigo iliyo juu ya kizimba au nyuma yake nayo ifungwe. Nimeshawahi kumtibu mbwa aliyeumizwa na jiko la gesi lililomwangukia kwenye kona.

Sasa maji, ambayo ndiyo mzigo mzito kuliko yote na ndiyo watu wanaoupunja. Mbwa mzima hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ya kawaida. Wangu ana kilo 25, kwa hiyo anahitaji kama lita moja na nusu akiwa ametulia nyumbani. Safarini, kwenye joto na mbio za kambini, huhesabu lita tatu kwa siku, kisha naongeza ya siku moja zaidi kwa ajili ya gari kuharibika. Safari ya siku tatu inakuwa lita 12 za mbwa peke yake, nje ya maji ya watu. Hugawa kwenye madumu mawili, kwa sababu dumu moja likipasuka usiku wa kwanza safari imekwisha.

Kwa nini maji mengi hivyo? Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Tezi zake za jasho ziko kwenye nyayo, na mchango wake ni mdogo sana. Anajipoza kwa kuhema: maji yanakauka kwenye ulimi na njia ya hewa, na joto linaondoka nayo. Kila pumzi ya mbwa anayehema inamgharimu maji. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, maji hayo hayakauki upesi, naye anaweza kuhema saa nzima bila kupoa. Mbwa wenye pua bapa wana njia nyembamba ya hewa, na mimi huwaambia wenye mbwa hao waziwazi wamwache nyumbani msimu wa joto kali. Wengine hukasirika. Ni afadhali wanikasirikie kuliko niwapokee usiku na mbwa aliyezimia.

Usichukulie kwamba mito na mabwawa ya huko yatatosha. Maji yaliyotuama yenye utando wa kijani au bluu huweza kuwa na sumu inayoua mbwa kwa muda mfupi, na hata yanayoonekana safi huweza kubeba vimelea vya kuhara. Mpe maji yako kabla hujamwachia karibu na ukingo. Mbwa asiye na kiu hanywi ovyo.

Gari lililosimama juani ni hatari kuliko nyika yenyewe. Nje kukiwa na nyuzi 22 tu, ndani ya gari lililofungwa huweza kupita 40 katika muda wa saa moja, na joto kubwa huingia katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi mengi. Ndiyo maana turubai la kivuli liko kwenye mzigo wangu wa dakika chache, pamoja na maji na bakuli, wala halikunjwi chini ya hema.

Sanduku la dawa nalo hukaa karibu na mlango. Ndani yake kitu cha kwanza ni kipimajoto cha kuingiza nyuma. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Likipita 40 baada ya kukaa juani, nina wasiwasi. Likifika 41, namwagia maji mwili mzima na kumpepea hapo hapo, kisha ndipo naanza safari ya kumtafuta daktari. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Naacha kummwagia linaposhuka karibu na 39.5, asije akapoa kupita kiasi.

Humo pia kuna shashi, bendeji inayojishika yenyewe, maji ya chumvi ya kusafishia vidonda, koleo ndogo ya kutolea kupe, na kinga ya mdomo. Kinga hiyo watu huiona kama tusi kwa mbwa wao mpole. Mbwa mwenye mfupa uliovunjika huuma mkono wowote, hata wa anayempenda, na hapo utahitaji mikono yako yote miwili. Ila ukiona anatapika au anapumua kwa shida, usimvishe.

Kupe mshike karibu kabisa na ngozi, kisha umvute moja kwa moja taratibu. Mafuta na moto havisaidii. Dawa za maumivu za watu usiziweke kwenye sanduku hili. Ibuprofeni na parasetamoli huwadhuru mbwa vibaya, na gizani, kwa haraka, mtu hufikia kidonge kilicho karibu. Peremende zisizo na sukari zikae mbali na pua yake pia: nyingine zina zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi ya kutisha.

Chakula hakina maneno mengi. Beba kile kile anachokula nyumbani, kwenye chombo kinachofungwa kabisa, kwa sababu kumbadilishia ghafla humpa kuhara na kuhara humkausha maji. Kama gari humtapisha, mpe mlo muda wa saa tatu au nne kabla ya kuondoka, na uliza daktari wako mapema kuhusu dawa ya kichefuchefu.

Usiku huhitaji godoro jembamba la kumtenga na ardhi, taa ndogo kwenye ukosi, na kamba ndefu ya mita tano au zaidi. Wangu hulala ndani ya hema. Mbwa aliyefungwa nje huita wanyama wa porini kwa harufu na sauti, na hana pa kukimbilia.

Karatasi za mbwa ndizo zenye muda mrefu kuliko vyote, ila hapo wengi hukwama. Ukivuka mpaka, chipu ya utambulisho, kifaa kidogo kinachoingizwa chini ya ngozi, yapaswa kuwekwa kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa, la sivyo chanjo hiyo huenda isihesabiwe. Nchi za Umoja wa Ulaya hutaka siku 21 zipite baada ya chanjo ya kwanza. Anza miezi kadhaa kabla, na beba nakala mbili, moja ikae mbali na gari.

Mkirudi, mkague kupe katikati ya vidole, ndani ya masikio na chini ya ukosi, kwa siku kadhaa mfululizo. Kisha jaza upya ulichotumia kwenye sanduku la dawa, siku hiyo hiyo, ungali unakumbuka.