"Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba"

Kwenye misiba hapa Bagamoyo, iwe Dunda au Magomeni, maneno haya hayakosekani. Mama amefiwa na mtoto, amekaa mkekani hana hata machozi tena, na mtu anamwambia kwamba Mungu amempimia anachokiweza. Wengi wanaamini ni Maandiko. Siyo.

Andiko linalokusudiwa ni 1 Wakorintho 10:13. Pale Paulo anazungumzia kushawishika kutenda dhambi: ibada ya sanamu, uzinzi, manung'uniko ya Waisraeli jangwani. Ahadi ni kwamba Mungu atatoa mlango wa kutokea katika jaribu hilo. Hasemi lolote kuhusu kufiwa, saratani au mashua iliyozama.

Tena Paulo huyohuyo, katika 2 Wakorintho 1:8, anakiri kwamba dhiki ya Asia, jimbo la Kirumi lililokuwa Uturuki ya leo, iliwalemea kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Kupita nguvu zao! Tumaini lake akaliweka kwa Mungu afufuaye wafu, siyo kwenye uwezo wake mwenyewe.

Nenda pale misheni ya Kikatoliki ya hapa Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, uyaone makaburi ya wamisionari waliokufa vijana kwa homa. Imani yao haikuwa na kasoro. Mwili ulishindwa.

Kwa hiyo anayesema "siwezi tena" hajamkosea Mungu. Nabii Eliya alisema hivyo chini ya mti wa mretemu, akaomba afe. Hakukaripiwa. Alilala, akaamshwa akakuta mkate uliookwa juu ya makaa na maji kichwani pake, akala, akalala tena. Baadaye akapewa Elisha wa kufanya naye kazi.